Jinsi ya Kuweka Picha Yako Kuwa Mandhari ya Kompyuta na Simu Bila Ukungu Wala Vichwa Kukatwa

Kubadilisha mandhari, yaani ile picha inayokaa nyuma ya aikoni, karibu kila mtu anajua. Malalamiko ninayoyapata ni ya baada ya hapo: "Mbona kwenye galari ilikuwa safi, ikifika kwenye skrini inakuwa na ukungu?" "Mbona sura zimenenepa?" "Jana niliiweka vizuri, leo kumebaki weusi."

Mara nyingi kosa limefanyika kabla hata hujafungua mipangilio. Picha ilikuwa ndogo kuliko skrini, au umbo lake halikulingana na skrini, au faili lilikaa kwenye folda ambayo ulikuja kuisafisha. Kwa hiyo hapa tutakaa sana kwenye picha yenyewe, na vitufe tutavifikia baadaye. Usiruke hatua ya 1 hadi ya 3, hata kama una haraka.

Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo yanavyoonekana kwenye vifaa vya wengi. Kama simu yako umeiweka kwa Kiswahili, tafuta neno "mandhari".

## Andaa hivi kwanza

- Picha halisi, kama ilivyotoka kwenye kamera au kwenye tovuti iliyoipakia. Nakala iliyopita mikono mitano haifai.
- Kipimo cha skrini yako kwa pikseli, yaani vile vidoto vidogo vinavyounda picha. Hukijui? Hatua ya 1 inakupa.
- Programu ya kukata picha. Iliyokuja na kifaa inatosha: Photos kwenye Windows, Preview kwenye Mac, galari au Google Photos kwenye simu.
- Kwa kompyuta, folda moja ambayo hutaifuta wala kuihamisha.

Programu za mandhari za kupakua sijaziweka kwenye orodha, na nimefanya hivyo makusudi. Kazi yote inafanyika bila hizo.

## Hatua ya 1: Pima skrini yako

Njia rahisi kuliko zote ni kupiga picha ya skrini yenyewe, kisha kuangalia vipimo vya picha hiyo. Picha ya skrini ina pikseli zilezile ambazo kifaa kinazichora, kwa hiyo huhitaji kukumbuka modeli wala kutafuta kijitabu.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na PrtSc. Picha itaingia kwenye folda ya Pictures, ndani ya Screenshots. Kwenye Mac ni Command, Shift na 3. Simu nyingi za Android hutumia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti. iPhone zisizo na kitufe cha chini hutumia kile cha pembeni pamoja na cha kuongeza sauti.

Sasa soma vipimo. Kwenye Windows, bofya kulia juu ya faili, ingia "Properties", kisha "Details", utafute "Dimensions". Kwenye Mac, chagua faili ubonyeze Command na I. Kwenye simu, fungua picha kisha uitelezeshe juu ili maelezo yatokee.

Tahadhari: kama kompyuta imeunganishwa na skrini mbili, njia hii kwenye Windows huzipiga zote kwa pamoja, na utapata upana uliojumlishwa. Chomoa moja kwanza.

Umefanikiwa ikiwa una namba mbili umeziandika mahali. Laptopu nyingi zitakupa 1366 × 768 au 1920 × 1080. Simu nyingi za sasa ziko karibu na 720 × 1600 au 1080 × 2400.

## Hatua ya 2: Pata picha halisi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mtu anatafuta picha mtandaoni, anaona vijipicha vimejipanga, anabofya kulia kwenye kimoja na kukihifadhi. Alichohifadhi ni kijipicha tu, kivuli cha picha, mara nyingi chenye upana wa pikseli 300 hivi. Ukikitandaza kwenye skrini ya 1920 × 1080, kila pikseli moja inalazimika kufunika nafasi ya pikseli 40. Ukungu unaouona unatoka hapo, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaouondoa.

Fanya hivi: bofya picha, fungua ukurasa wake wenyewe, utafute kitufe cha kupakua. Tovuti kama Unsplash na Pexels hutoa picha bure na hukuruhusu kuchagua ukubwa. Chagua mkubwa kabisa. Picha za anga za NASA nazo ni kubwa, na nyingi hazina haki miliki.

Kama picha ni ya familia na iko kwenye simu ya mtu mwingine, mwambie asikutumie kama picha ya kawaida ya WhatsApp, maana hubanwa njiani. Aitume kama hati: abonyeze alama ya kuambatisha, achague "Document", kisha aitafute picha humo. Itafika bila kupungua hata pikseli moja. Na tafadhali, usipige picha ya skrini ya picha ukadhani umeihifadhi. Unapata ukubwa wa skrini yako, pamoja na saa na alama ya betri pale juu.

Tahadhari ya usalama: picha huishia na .jpg, .jpeg, .png, .webp au .heic. Ukipakua "mandhari" ikaja na .exe, .msi, .scr au .apk, hiyo ni programu, ifute. Windows huficha herufi hizi za mwisho, kwa hiyo faili la "ziwa.jpg.exe" litajionyesha kama "ziwa.jpg" tu. Kwenye Windows 11, fungua folda, bonyeza "View", kisha "Show", uweke tiki kwenye "File name extensions". Na programu ya mandhari inayoomba kusoma namba zako za simu au jumbe zako, jiulize picha ya machweo inazihitaji za nini.

Umefanikiwa ikiwa vipimo vya picha yako ni sawa na vya skrini au vinazidi, upana na urefu pia. Ikipungua upande mmoja tu, bado itavutwa.

## Hatua ya 3: Kata kwa umbo la skrini

Ukubwa ukishatosha, linabaki umbo. Picha ya kamera ya simu mara nyingi ina umbo la 4:3 (upana 4 kwa urefu 3), laptopu nyingi ni 16:9, na simu ni ndefu na nyembamba. Usipokata wewe, kifaa kitakukatia, na hakijui bibi yako amesimama upande gani.

Tuchukue mfano mmoja. Una picha ya pikseli 4000 × 3000.

*Kwa laptopu ya 1920 × 1080:* gawanya 4000 kwa 16, unapata 250. Zidisha kwa 9, unapata 2250. Kwa hiyo unabaki na 4000 × 2250. Safu 750 za pikseli zinaondoka, na wewe ndiye unayeamua zitoke juu au chini.

*Kwa simu ya 1080 × 2400:* hapa umbo ni 9:20. Gawanya 3000 kwa 20, unapata 150. Zidisha kwa 9, unapata 1350. Unabaki na 1350 × 3000. Angalia kilichotokea: kati ya upana wa 4000 umebakiza 1350 tu, theluthi moja. Picha ya pamoja ya watu kumi waliopanga mstari haiwezi kuenea kwenye simu, hata ufanye ufundi gani. Chagua watatu, au tumia picha iliyopigwa simu ikiwa wima.

Hesabu hizi si lazima uzifanye kwa mkono. Programu nyingi za kukata zina sehemu ya kuchagua uwiano. Ukichagua 16:9, fremu inajifunga kwenye umbo hilo na kazi yako inakuwa kuisogeza tu. Kwenye Photos ya Windows, fungua picha ubonyeze Ctrl na E, kisha alama ya kukata. Kwenye simu ni "Edit" kisha "Crop".

Tahadhari: ukimaliza, hifadhi kama nakala. Ukihifadhi juu ya picha ya asili, kilichokatwa huenda usikipate tena.

Umefanikiwa ikiwa ukigawanya upana kwa urefu wa picha mpya unapata jibu lilelile kama la skrini. Kwa 1920 × 1080 ni 1.78.

## Hatua ya 4: Angalia nini kitakaa juu ya picha

Niliwahi kuweka picha ya harusi kwenye laptopu, picha nzuri, imekatwa kwa hesabu kamili. Nilipomaliza, aikoni ya Recycle Bin ilikuwa imetua katikati ya paji la uso la bwana harusi. Ndugu walicheka mwezi mzima.

Windows hupanga aikoni kuanzia kushoto, kwa hiyo sura ziweke kulia. Mac ni kinyume: faili hujipanga kulia, basi sura ziende kushoto. Chini kabisa kote kuna mstari wa programu, usiweke miguu wala maandishi hapo.

Kwenye simu, skrini iliyofungwa ina saa kubwa sehemu ya juu, hivyo sura ikae katikati au chini kidogo. Skrini ya kwanza imejaa aikoni karibu kote. Ushauri wangu, na wengine hawakubaliani nao: picha ya watu weka kwenye skrini iliyofungwa, na kwenye skrini ya kwanza weka kitu kitulivu, kama anga, ukuta, au rangi moja. Majina ya programu utayasoma bila kukunja macho.

Kama simu yako ina skrini ya OLED, mandhari nyeusi hupunguza kidogo matumizi ya betri, kwa sababu pikseli nyeusi huzimwa kabisa. Kwenye skrini za LCD hakuna faida hiyo. Taa ya nyuma inawaka vilevile.

Jambo jingine dogo ambalo watu hawalifikirii: skrini iliyofungwa inaonwa na kila mtu. Usiweke picha yenye kitambulisho, cheti au anwani. Kinyume chake, kuandika juu ya picha namba ya ndugu wa kupigiwa endapo simu itaokotwa ni wazo zuri sana.

## Hatua ya 5: Ihifadhi mahali pa kudumu

Hii ni kwa kompyuta. Tengeneza folda ndani ya Pictures, uiite Mandhari, uweke nakala iliyokatwa humo. Usiiache Downloads wala kwenye flashi.

Sababu ni kwamba mfumo unaweza kuwa unasoma faili kutoka pale ulipoliacha. Mac ikilikosa inaweza kukurudishia mandhari ya kiwandani, na mandhari ya kupokezana (slideshow, picha zinazobadilishana zenyewe) kwenye Windows hutegemea folda nzima iwepo. Wale wanaosema "jana ilikuwepo leo haipo", wengi wao walisafisha Downloads.

Picha za kamera ziache JPG. Mchoro au picha yenye maandishi ihifadhi PNG, kwa sababu JPG huacha vumbivumbi kuzunguka herufi, na Windows huibana JPG mara nyingine tena unapoifanya mandhari. Picha za iPhone za .heic zigeuze kuwa JPG kabla ya kuzipeleka kwenye kompyuta ya Windows, baadhi hazizifungui.

## Hatua ya 6: Sasa weka

### Windows 10 na 11

Bofya kulia mahali patupu kwenye skrini, chagua "Personalize", kisha "Background". Hakikisha pameandikwa "Picture", bonyeza "Browse photos" (kwenye Windows 10 ni "Browse" tu) na uchague faili lako.

Chini yake kuna "Choose a fit". "Fill" hujaza skrini na kukata kinachozidi. "Fit" huonyesha picha yote na kuacha mapengo pembeni. "Stretch" huvuta picha mpaka ijae, na ndiyo inayonenepesha sura za watu. "Tile" huirudia kama vigae, "Center" huiweka katikati kwa ukubwa wake, na "Span" huitandaza juu ya skrini zote zilizounganishwa.

Chagua "Fill". Halafu fanya jaribio hili: badilisha kwenda "Stretch" ukiangalia picha. Isiposogea hata kidogo, hesabu yako ya hatua ya 3 ilikuwa sahihi. Ikitikisika kidogo si neno. Ikivimba, rudi ukakate upya.

Una skrini mbili na unataka kila moja iwe na picha yake? Bofya kulia kwenye kijipicha kilichoko chini ya "Recent images", uchague skrini ya 1 au ya 2. Skrini iliyofungwa inawekwa kwingine: rudi "Personalization", ingia "Lock screen".

### Mac

Fungua "System Settings", kisha "Wallpaper", uongeze picha yako au folda yako. Kwenye matoleo yaliyotangulia macOS Ventura, sehemu hiyo ilikuwa "System Preferences", kisha "Desktop & Screen Saver". Chagua "Fill Screen". Ukitumia Spaces kadhaa (skrini za ziada unazohama kutoka moja kwenda nyingine), kila moja inaweza kuwa na mandhari yake, na ndiyo maana wengine huona picha "imebadilika yenyewe" wakihama dirisha. Kuanzia Sonoma kuna swichi ya "Show on all Spaces".

### Linux yenye GNOME

"Settings", "Appearance", kisha "Add Picture". Wanaotumia amri ndio hukwama: `picture-uri` huweka mandhari ya mwonekano wa mwanga pekee. Kama umewasha mwonekano wa giza, picha haitabadilika mpaka uweke na `picture-uri-dark`:

`gsettings set org.gnome.desktop.background picture-uri-dark 'file:///njia/ya/picha.jpg'`

Baada ya `file:` ni mikwaju mitatu, siyo miwili.

### Android

Bonyeza na kushikilia mahali patupu kwenye skrini ya kwanza, chagua "Wallpaper & style" au "Wallpapers", uende kwenye picha zako. Bana kwa vidole viwili kurekebisha, kisha thibitisha. Utaulizwa: skrini ya kwanza, iliyofungwa, au zote mbili. Lisome swali hilo kabla ya kubonyeza. Wengi hupoteza picha ya skrini iliyofungwa hapa.

Baadhi ya simu husogeza mandhari unapotelezesha kurasa, hivyo huikuza kidogo ili ipate pa kusogea. Ukiona picha imevutwa karibu kuliko ulivyotaka, kata upya ukiacha nafasi ya ziada kulia na kushoto.

Kuanzia Android 12, simu nyingi huchukua rangi za vitufe na menyu kutoka kwenye mandhari. Usishtuke menyu zikigeuka kijani. Unaweza kuchagua rangi nyingine hapohapo.

### iPhone

Kwa iOS 16 na kuendelea: "Settings", "Wallpaper", "Add New Wallpaper", kisha "Photos". Bana kwa vidole kurekebisha, bonyeza "Add". Ukichagua "Set as Wallpaper Pair", picha inaenda skrini zote mbili. "Customize Home Screen" inakuruhusu kutenganisha.

Ukiona skrini ya kwanza ina ukungu ilhali iliyofungwa iko safi, picha haina kosa. Kuna kitufe cha "Blur" kwenye "Customize Home Screen", kizime.

Na ule mtindo wa kichwa cha mtu kupita mbele ya saa hautokei ukiweka wijeti (visanduku vidogo vya taarifa, kama hali ya hewa) chini ya saa, au kichwa kikifunika saa kupita kiasi. Ondoa wijeti, au shusha picha kidogo.

## Bado inakataa?

Skrini iliyofungwa inabadilika yenyewe kila ukiiwasha. Simu ina huduma ya picha za kupokezana. Huitwa Glance, Wallpaper Carousel au jina lenye neno "Magazine". Andika "lock screen" kwenye kisanduku cha kutafutia cha mipangilio, uizime. Kwenye Windows anayefanya hivyo ni "Windows spotlight". Badilisha iwe "Picture".

Picha imefifia usiku. Kwenye Samsung, hali ya giza inaweza kuipunguza mwanga mandhari. Swichi yake iko kwenye ukurasa wa mandhari.

Picha za kupokezana zimesimama laptopu ikichomolewa kwenye umeme. Windows huzisimamisha ili kuokoa betri. Washa "Let slideshow run even if I'm on battery power".

iPhone inabadilisha mandhari saa fulani. Umeiunganisha na Focus, hali ya iPhone ya kunyamazisha arifa. Shikilia skrini iliyofungwa, telezesha mpaka kwenye picha husika, ubonyeze jina la Focus kulitenganisha.

Vitufe vimefifia, havibonyezeki. Juu ya ukurasa kukiwa na maneno kwamba mipangilio inasimamiwa na taasisi, ni kompyuta ya kazini au ya chuo, na anayeweza kufungua ni msimamizi wake tu. Kama ujumbe unasema Windows haijaamilishwa, ukurasa wa "Personalization" utabaki umefungwa mpaka uiamilishe. Ila mara nyingi bado unaweza kufungua folda yako ya Mandhari, kubofya kulia juu ya picha, na kuchagua "Set as desktop background".